Dawa ya Mguu wa Jovina

Maximilian alisaga nafaka pale Mpui kwa zaidi ya nusu ya maisha yake, na mashine ikamzoesha kutosema. Ndani ya kile kibanda cha bati, injini ya dizeli ikishawaka hakuna aliyesikia neno la mwenzake, kwa hiyo alizungumza na wateja kwa mikono. Kidole kimoja juu, maana yake mimina. Viwili, turudie ili unga uwe laini. Kiganja kikitikiswa, subiri, wenzako wamekutangulia. Jioni alirudi nyumbani mweupe mpaka kwenye kope, na mikono ile ile ikaendelea na maongezi. Akitaka maji ya kuoga alielekeza ndoo. Chakula kikimpendeza aligonga meza mara moja kwa kifundo cha kidole.

Jovina, mkewe, alijifunza lugha hiyo tangu miaka ya mwanzo ya ndoa yao na hakuwahi kuilalamikia. Mume wake hakulewa, hakumpiga, na watoto wote aliwasomesha. Wanawake wenzake wa jumuiya ya kanisani walimwambia ana bahati, naye aliitikia kwamba ndiyo, anayo.

Masikio yalipoanza kumsumbua, Maximilian aliuza mashine, na badala ya kununua ng'ombe kama wazee wenzake akanunua pikipiki. Alijifunza kuiendesha kwenye uwanja wa shule ya msingi, akizunguka magoli polepole huku amekaza shingo. Jovina ndiye aliyekuwa abiria wake wa kwanza, na kwa muda mrefu hakuna mwingine aliyethubutu.

Jumamosi moja mwishoni mwa mwezi wa tano walikuwa wanatoka Sumbawanga mjini. Walimtembelea binti yao mkubwa, Otilia, mwenye duka la dawa Katandala, kisha wakapita sokoni kununua samaki, migebuka ya kukaanga. Upepo wa kipupwe ulikuwa umeanza, ule wa Ufipa unaoingia hadi kwenye mifupa, na walipofika uani Jovina hakuzisikia tena vizuri nyayo za miguu yake. Alishuka upande wa kulia badala ya kushoto, kama alivyoambiwa mara nyingi asifanye. Kitenge kilipanda, na nyama ya mguu ikagusa bomba la moshi lililotoka kuunguruma njia nzima.

Alipiga yowe ambalo hata Maximilian na masikio yake alilisikia sawasawa.

Jirani yao Coleta alikuja mbio na dawa ya meno mkononi. Mwingine akasema asali. Maximilian alimpigia simu Otilia, akaiweka kwa sauti kubwa, na binti akapaza sauti ili baba yake asikie:

"Maji! Maji baridi tu, mmwagieni pale pale, na msiache haraka. Msimpake dawa ya meno, wala asali, wala yai!"

Basi Maximilian akachota maji ndoo baada ya ndoo na kuyamimina juu ya mguu wa mkewe, mpaka ua ukawa tope na Jovina akaanza kutetemeka kwa baridi. Coleta, aliyekuwa amesimama pembeni na tyubu yake ya dawa ya meno, alisimulia baadaye kwamba yule mzee alikuwa analia huku anamimina.

Kesho yake, baada ya misa, alirudi Katandala peke yake.

"Shikamoo baba," Otilia alisema kutoka nyuma ya kaunta. "Mama anaendeleaje?"

"Marahaba. Malengelenge yamepasuka." Alionyesha ukubwa wake kwa vidole, kama yai la kuku. "Nipe dawa. Iliyo nzuri kabisa."

Otilia alimpa bandeji, vidonge vya maumivu, na tyubu ndogo iliyoandikwa herufi ndefu ambazo Maximilian alizisoma polepole, silabi moja moja, midomo ikicheza.

"Basitrasini," Otilia akamsaidia. "Ni dawa ya kuua bakteria, lakini ya juu ya ngozi tu. Mtu akikatwa kidogo, akichubuka, akiungua kama mama, inazuia wadudu wasiingie kidondani. Haimezwi. Ikiingia ndani ya mwili inaumiza figo. Na kidonda kirefu hakiwekewi hii, anapelekwa hospitali. Umenisikia, baba?"

"Nimesikia."

"Unanawa mikono kwa sabuni kwanza. Unaosha kidonda, unakausha, unapaka kidogo tu, kama punje ya maharage. Asubuhi na jioni. Ukishamaliza wiki unaacha, unaniletea mama nimwone."

Maximilian aliigeuza tyubu. "Hili jina lina maana gani?"

Otilia alimtazama. Hakukumbuka lini baba yake alimwuliza swali ambalo jibu lake halikuwa ndiyo au hapana. Dukani hapakuwa na mteja mwingine, kwa hiyo akamweleza kama alivyofundishwa chuoni. Zamani, wakati wa vita kuu ya pili, huko Marekani alikuwapo mtoto wa kike wa ukoo wa Tracy. Alivunjika mguu na mfupa ukachoma ngozi. Wataalamu walipochunguza uchafu uliotoka kwenye jeraha lake waliona bakteria wa aina moja ambao waliwazuia wengine wasistawi. Kutoka kwa hao wakapata dawa, na katika kuipa jina wakaliunga jina la bakteria na jina la mtoto.

"Kwa hiyo dawa ilitoka kwenye kidonda chenyewe," Maximilian alisema.

"Ilitoka humo humo, baba."

Aliiweka tyubu kwenye mfuko wa shati, wa upande wa moyo, akafunga kifungo.

Jioni hiyo alichemsha maji, akayapooza kwenye beseni, akanawa mikono kwa sabuni mpaka kwenye viwiko kama mtu anayejiandaa kuchinja. Aliketi kwenye kigoda nje ya mlango, penye jua la mwisho, akauinua mguu wa Jovina na kuuweka juu ya goti lake. Jovina aliona aibu. Wapita njia wangewaona. Katika miaka yote waliyoishi pamoja hakuwahi kumwona mwanamume huyu ameshika mguu wake mchana kweupe.

"Baba Otilia, acha. Nitajipaka mwenyewe."

Kwa kawaida angetikisa kiganja, kumaanisha tulia. Lakini mkono mmoja ulikuwa umeshika kisigino na mwingine kitambaa chenye maji, na hapo ndipo Maximilian alipojikuta hana cha kusemea isipokuwa mdomo.

"Tulia," alisema. Kisha, kwa sababu Jovina alikuwa amekunja uso kwa maumivu na alitaka kumsahaulisha, akaongeza: "Unajua dawa hii ilitoka wapi?"

Akamsimulia habari za mtoto wa ukoo wa Tracy. Aliisimulia vibaya, akirukaruka, akirudi nyuma kurekebisha, na alipofika mahali pa mfupa kuchoma ngozi Jovina alishika kifua. Alipomaliza, dawa ilikuwa imeshapakwa na bandeji imeshafungwa.

"Na mtoto alipona?" Jovina aliuliza.

Maximilian alibaki na mdomo wazi. Hakuwa ameuliza. Alitoa simu akampigia Otilia hapo hapo.

"Yule mtoto alipona?"

"Mtoto gani tena, baba?"

"Tracy!"

Otilia alicheka hadi simu ikakwaruza. "Mwisho wake sikufundishwa, baba. Walitufundisha dawa tu."

Maximilian alikata simu, akafikiri. "Atakuwa alipona," alimwambia mkewe. "Haiwezekani dawa ipewe jina lake halafu yeye asipone."

Ndivyo yalivyoanza maongezi. Kila asubuhi, ukungu ukiwa bado haujaondoka mabondeni, na kila jioni kabla kuku hawajaingia bandani, Maximilian alibeba beseni lake na kigoda, na mikono ikishakuwa na kazi mdomo ulifunguka. Alimweleza Jovina habari za safari ya Mbeya, mwaka ambao mashine iliharibika na akalala juu ya gunia stendi, akikumbatia kipuri kisiibwe. Alimweleza jinsi alivyoogopa usiku wa kuzaliwa Otilia, jinsi alivyoenda kusimama nyuma ya nyumba asiweze kuonekana na shemeji zake. Jovina hakuyajua hayo. Siku zile alidhani mume wake alikuwa amelala.

Siku moja alimwambia kwamba kule mashineni alikuwa anaimba.

"Nani?" Jovina aliuliza.

"Mimi."

"Wewe? Uliimba?"

"Kila siku. Kwa sauti yote. Nani angenisikia?"

Jovina alicheka mpaka mguu ukatikisika kwenye goti na dawa ikapakaa kwenye suruali. Alipofuta machozi alimwomba aimbe. Maximilian alikataa, akatazama barabarani kama kuna mtu, kisha akainamisha kichwa juu ya kidonda na kuimba ubeti mmoja wa wimbo wa komunio, kwa sauti nene iliyokosea noti mahali pawili. Jovina hakucheka tena. Aliutazama upara wake.

Dawa ilifanya kazi yake. Kidonda hakikutunga usaha wala kutoa harufu. Pembeni ngozi mpya ilianza kuota, ya waridi, laini kama ya mtoto. Otilia alipopiga simu mwishoni mwa wiki ya kwanza, Jovina ndiye aliyepokea. Maximilian alikuwa ameketi karibu, anaikunja tyubu kutoka mkiani ili kukamua kilichobaki.

"Umepona, mama?"

Jovina alimtazama mume wake. Tyubu ilikuwa imekwisha. Kesho asubuhi hapangekuwa na beseni wala kigoda. Maximilian angeamka, aelekeze kikombe cha chai kwa kidole, aende shambani.

"Naendelea vizuri, mwanangu. Ila bado panachoma kidogo," alisema.

Haikuwa kweli. Lakini Maximilian alisikia, na alasiri hiyo hiyo akaenda kununua tyubu nyingine kwenye duka la pale pale Mpui, asimsumbue Otilia. Ilipokwisha hiyo akanunua ya tatu.

Katikati ya mwezi wa sita mguu ulianza kuwasha. Kwanza kidogo, kuzunguka kovu tu. Kisha ngozi ikawa nyekundu, ikavimba, na vipele vidogo vyenye maji vikajaa mpaka karibu na kifundo cha mguu, mahali ambapo bomba la moshi halikugusa kabisa. Maximilian alishtuka. Akazidisha dawa. Ile punje ya maharage ikawa kokwa la parachichi, na asubuhi na jioni ikawa asubuhi, mchana na jioni.

Jovina alijua mapema kuliko alivyotaka kujua. Kila mume wake alipomaliza kumpaka na kuondoka, mwasho ulikuja nyuma yake kama mtu aliyekuwa anasubiri zamu. Alijikuna kwa pindo la kanga, kwa mpini wa mwiko, kwa chochote kilichokuwa karibu. Kisha Maximilian akaenda Laela msibani na kulala huko. Bila dawa, mguu ulitulia. Jovina alilala usingizi mzuri. Maximilian aliporudi na kumpaka, mguu uliwaka upya.

Hapo angesema. Alifungua mdomo aseme. Lakini Maximilian alikuwa ameshaketi, ameshauinua mguu, na alikuwa anamweleza ya msibani: nani aliyekuja, nani aliyelia sana kuliko ndugu wa marehemu. Jovina alifumba mdomo, akasikiliza.

Kilichomaliza mambo ni asubuhi moja ambapo bandeji ilitoka na maji ya manjano, na Maximilian akaona vipele vimepanda hadi gotini. Aliweka kitambaa chini.

"Twende zahanati," alisema.

"Ni kawaida tu, baba Otilia."

"Mama Otilia, sitaki ukatwe mguu kwa sababu ya pikipiki yangu. Twende."

Mganga wa zahanati alikuwa mwanamke kijana aitwaye Getruda, mzaliwa wa Kigoma. Alimwamkia Jovina, akamwomba mzee asubiri kwenye benchi la nje, akaufungua mguu na kuutazama kwa muda bila kuugusa.

"Mama, hapa panauma au panawasha?"

"Panawasha."

"Sana?"

"Mwanangu, panawasha mpaka natamani kuutoa mguu."

Getruda aliinama akanusa, akabonyeza pembeni kwa kidole chenye glavu, akampima joto. "Huna homa. Hakuna usaha. Kidonda chenyewe kimepona karibu chote, tatizo ni ngozi ya jirani. Mnapaka nini?"

"Basitrasini."

"Tangu lini?"

"Tangu niungue."

"Na inawasha zaidi saa ngapi?"

Jovina alitazama mlango. Kupitia upenyo aliona kiatu cha Maximilian kikigongagonga sakafu.

"Baada ya kupakwa," alisema kwa sauti ya chini. "Nilishajua, mwanangu. Nimejua muda mrefu."

Getruda alivuta kiti akaketi mbele yake. "Kwa nini hukuacha?"

Jovina akamweleza. Alieleza kwa maneno machache, macho yakiwa kwenye kanga aliyokuwa anaisokota: mashine, mikono, kigoda, habari za Mbeya, wimbo. Alitegemea binti huyu atacheka au atamgombeza. Getruda hakufanya lolote kati ya hayo. Alisema tu, "Bibi yangu angekuelewa sana."

Kisha akamwita Maximilian ndani na kuwaeleza wote wawili, akiongea kwa nguvu ili mzee asikie. Dawa si mbaya. Watu wengi wanaitumia na kupona. Lakini kuna watu ambao ngozi zao zinaikataa, na mara nyingi ngozi ya mguu yenye kidonda, ikipakwa dawa hiyo hiyo kwa muda mrefu, ndipo inapoanza kugoma. Inaanza na mwasho, unafuata wekundu, vinakuja vipele. Mtu akidhani ni kidonda kimezidi anaongeza dawa, na ngozi inazidi kugoma. Sasa waache kabisa. Atampa krimu ya kutuliza mwasho, ya siku chache, ipakwe kwenye vipele tu na siyo kwenye kidonda, na vidonge vya mzio. Kidonda kioshwe kwa maji safi na sabuni, kipakwe mafuta ya mgando yasiyo na manukato, kifunikwe. Na kuanzia leo, mama akienda hospitali yoyote aseme kwamba basitrasini haipatani naye, kwa sababu akikutana nayo tena inaweza kuja kwa ukali zaidi.

Maximilian alifungua kifungo cha mfuko wa shati. Alitoa tyubu, nusu yake imekunjwa vizuri, akaiweka juu ya meza.

"Kwa hiyo ni mimi," alisema.

"Hapana, mzee. Ni ngozi yake tu."

"Mkono uliokuwa unapaka ulikuwa wa nani?"

Getruda alimtazama Jovina. Jovina alitazama chini.

Walirudi nyumbani polepole. Maximilian alisimamisha pikipiki, akamshika mkewe kiwiko mpaka aliposhuka upande wa kushoto, akaifunika kwa turubai na kuifunga kamba kama mzigo wa safari ndefu. Jioni ilipofika hakuleta beseni. Alienda kwa Coleta, akasimama mlangoni, akaelekeza kwake kwa kidole, kisha mguu wake mwenyewe, kisha akazungusha mkono hewani kuonyesha bandeji. Coleta alielewa, akaja.

Mguu ulianza kutulia. Vipele vilikauka, wekundu ukapungua, na Jovina akalala bila kujikuna. Otilia aliposikia alijilaumu kwenye simu, akasema laiti angefunga duka akaja kumwona mama yake mapema, naye Jovina akambembeleza kwamba hakuna kosa lake hata kidogo. Lakini nyumba ilikuwa imerudia ukimya wake. Kidole kwenye kikombe. Kidole kwenye ndoo. Tena ilikuwa mbaya kuliko zamani, kwa maana zamani Jovina hakujua kilichokuwa nyuma ya ukimya ule. Kilichomwumiza zaidi ni jinsi Maximilian alivyokuwa akiitazama mikono yake wakati wa kunawa, akiigeuza huku na huku, na alivyopita mbali na mguu wake kana kwamba ungeweza kuungua kwa kumwona tu.

Hakuweza kuvumilia. Asubuhi moja, Maximilian akiwa anapukuchua mahindi uani, alichechemea mpaka mbele yake na kuketi kwenye gunia.

"Baba Otilia, nina neno."

Aliinua kichwa.

"Nilijua kwamba ni dawa inayoniwasha."

Gunzi lilibaki mkononi mwake.

"Ulipoenda Laela nilikuwa mzima. Uliporudi ukanipaka, ikaanza. Nilijua. Hata ile mara ya kwanza, nilipomwambia Otilia panachoma, hapakuwa panachoma. Ilikuwa tyubu imekwisha."

"Kwa nini?"

"Ungeacha kukaa."

Rangi ya uso wa Maximilian ilibadilika. Jovina alitegemea atacheka, kisha akatumaini angalau atalia, lakini alikasirika. Aliinuka, akachukua fimbo, akaanza kuyapiga magunia ya mahindi kwa nguvu mpaka punje zikaruka hadi kwenye bati la jiko, na akapiga hivyo mpaka adhuhuri. Hakula. Jovina alikaa ndani akisikiliza kila pigo.

Jua lilipoanza kuelekea magharibi fimbo ilinyamaza. Maximilian aliingia, akasimama karibu na mlango, kifua kikipanda na kushuka.

"Nilikuwa nafikiri nakuponya," alisema. "Kila siku naamka nafikiri, leo namponya mke wangu. Kumbe unakaa pale unawashwa, unanitazama."

"Nisamehe."

"Ungesema tu. Ungesema, kaa."

"Ningesemaje, baba Otilia? Miaka yote hii sijawahi kukwambia kaa. Ningeanzia wapi?"

Maximilian alitazama nje, akarudi kumtazama. Macho yake yalishuka mpaka kwenye mguu, na hapo uso wake ukakunjamana kwa jambo jingine kabisa.

"Huyu Coleta," alisema, "anafunga bandeji kama anafunga gunia la mkaa."

Jovina aliutazama mguu. Ni kweli. Fundo lilikuwa kubwa kama kiazi. Kicheko kilimtoka puani kabla hajakizuia, na Maximilian naye akatikisika mabega. Alienda kunawa mikono. Alirudi na kopo la mafuta ya mgando, akaketi sakafuni, kwa sababu kigoda kilikuwa nje na hakutaka kukifuata. Alifungua lile fundo la Coleta kwa kucha, taratibu. Alipofikia ngozi alisita, vidole vikiwa hewani.

"Haya hayawashi?"

"Hayawashi."

"Apa."

"Ukiona najikuna, nipige."

Akapaka.

Mwezi wa nane ulipoisha kidonda kilikuwa kimefunga. Palibaki baka tu, jeusi katikati, lenye ukingo mwepesi. Getruda alilikagua, akasema hakuna haja ya bandeji wala mafuta, mama akae na jua na upepo kama watu wengine. Otilia alikuja Jumapili kutoka Katandala na watoto wake, akaushika mguu, akaugeuza, akaridhika. Alipoondoka aliwaacha wazazi wake wameketi nje kwenye mkeka, karibu karibu, kila mmoja na kikombe chake cha chai ya maziwa.

Upepo ulikuwa umelegea. Watu walikuwa wanachoma majani mashambani, na moshi ulisimama wima juu ya vilima. Maximilian alikunywa chai yake yote, akaweka kikombe chini, akakuna shingo. Jovina alisubiri aanze.

"Mimi nimeishiwa," alisema mwishowe.

"Umeishiwa nini?"

"Maneno. Nimekwambia yote. Mbeya, mashine, mama yangu, mpaka yale ya msibani. Sina lingine." Aligeuka akamtazama, kwa aibu kidogo, kama kijana aliyetumwa kupeleka posa. "Wewe je? Wewe hujanieleza kitu hata kimoja."

Jovina alishangaa. Hakuna aliyewahi kumwuliza. Alianza kusema kwamba hana cha kueleza, yeye amelima, amepika, amezaa, basi. Lakini kabla hajasema, alikumbuka.

"Unajua mwaka ule uliponileta kutoka kwetu Kaoze," alisema, "mwezi wa kwanza tu nilitoroka?"

Maximilian aliweka kiganja nyuma ya sikio, akasogea. "Ulifanya nini?"

"Nilitoroka. Nilikuwa naona baridi, nakwambia, baridi ambayo kule bondeni kwetu hatukuijua hata kwa jina. Wewe ukiwa mashineni nilifunga nguo zangu kwenye kanga, nikapanda lori la wauza mpunga mpaka ukingoni, pale barabara inapoanza kuteremka. Lori likasimama wakague breki. Nikashuka. Nikaona bonde lote liko chini yangu, na joto linanipanda usoni, na nyumbani kwa mama naweza kukuonyesha kwa kidole."

"Ukarudi," Maximilian alisema.

"Nyamaza, nasimulia mimi."

Akanyamaza. Alikunja miguu, akaegemeza mgongo ukutani, na kumgeuzia sikio lile ambalo bado lilikuwa zima.